Mashahidi Kumi na Mmoja Katika Droo Moja

Neema hakusalimia. Alivuta droo ya chini ya kabati la vielelezo, kituo cha polisi Handeni, akaziona simu kumi na moja zimelala ubavu kwa ubavu, kila moja inawaka taa ndogo ya kijani, akajishika kichwa.

"Afande, hizi zimekaa humu tangu lini?"

"Tangu Ijumaa jioni," Inspekta Hiza akajibu. Alijibu kwa kujiamini, maana kila simu ilikuwa na karatasi yake, namba yake na sahihi yake, na kwa kubandika karatasi hakuna wa kumfikia Hiza mkoa mzima. "Nimezikusanya mwenyewe. Nimeziwekea na umeme zisizime."

"Zote pamoja? Na umeme juu?"

"Ulitaka nizilaze wapi, gesti?"

"Hebu niambie. Ukipata mashahidi kumi na mmoja wa kesi moja, unawafungia chumba kimoja siku mbili, waongee mpaka wachoke, ndipo unawahoji?"

Askari wawili waliokuwa kaunta walijifanya wanasoma kitabu cha matukio, na mmoja alikuwa amekishika kichwa chini miguu juu.

Tuseme ukweli, asubuhi hiyo ya Jumapili Hiza alikuwa amemwita huyu mama kutoka Korogwe ili aje kukubaliana naye, si kumfundisha kazi. Neema ndiye mtaalamu wa Mradi wa Ndama Hai, ule uliogawa simu janja kwa wafugaji kumi na wawili wa Handeni na Korogwe. Na kesi ilikuwa hii: Misima, ndani ya wiki tatu, ndama kumi na tisa wamekufa kwa ndigana kali, ugonjwa wa kupe ambao kila mfugaji anaujua na ambao ukiwahiwa una dawa. Hawakuwahiwa, kwa sababu simu za mradi ziliwaambia wenyewe kwamba ni minyoo tu, wasubiri.

Wafugaji walikwishampata mwenye kosa, na Hiza alikwishamfunga. Mahabusu nyuma ya ukuta alikaa Mbwana, mzee wa miaka hamsini na kitu, mkulima na msimamizi wa josho la Misima. Mwaka jana ng'ombe walimlia mahindi heka mbili, akasema mbele ya watu, "Hawa nitawakomesha." Simu moja ya mradi alipewa yeye. Sababu ipo, silaha ipo, maneno yapo. Kesho saa tatu asubuhi anapelekwa mahakamani kwa kuharibu mali ya watu kwa makusudi, na Hiza alitaka tu karatasi ya mtaalamu ya kukazia.

"Nieleze basi," Hiza akasema, safari hii kwa sauti ndogo. "Zinaongeaje?"

"Hizi simu hazina mkubwa," Neema akasema. Alikuwa mtu wa maneno ya haraka, na mikono yake ilikuwa inachomoa nyaya huku anaongea. "Hakuna kompyuta Dar es Salaam inayoziamuru. Kila simu ina akili yake humo humo ndani. Mfugaji anapiga picha ya ndama, simu inamwambia ni ugonjwa gani, afanye nini. Siku zinazofuata inamuuliza, ndama amepona? Nionyeshe. Akijibu, inajifunza. Halafu simu mbili zikikaribiana, hatua ishirini thelathini, mnadani, joshoni, popote, zinapeana kile zilichojifunza. Picha hazipeani. Majina hazipeani. Zinapeana hitimisho tu, na kila moja inachanganya ya mwenzake na ya kwake."

"Huo ni umbea."

"Eee! Umefika, afande. Umbea mtupu. 'Matezi yakivimba usihangaike, ni minyoo.' Nani kasema? Haijulikani. Kaona wapi? Haijulikani. Ila yule anayesema ameona mara nyingi ndiye anayesikilizwa zaidi."

Hiza alizaliwa Kwashemshi, kwenye nyumba sita zinazotazamana mlimani, na umbea hakuhitaji kufundishwa na mtu wa mradi. Akavuta kiti. "Umbea hauna sahihi, lakini una njia. Unauliza nani alikutana na nani, siku gani, na nani alibadilika kwanza. Hizi zako zinakumbuka zimekutana na nani?"

Neema akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Zinakumbuka. Kila moja ina orodha ya makutano. Na kila Jumapili alfajiri inaweka nakala ya akili yake. Ya leo umeiharibu, kwenye droo. Za nyuma zipo."

Wakafanya kazi. Neema alizizima masikio kwanza, zote, zisipeane kitu tena. Kisha akaweka mezani picha moja: ndama wa Parsimei wa Misima, matezi chini ya sikio yamevimba, ndama ambaye daktari wa mifugo alikwishampima baada ya kufa na kuandika ndigana kali. Picha hiyo moja wakaionyesha kila simu, nakala kwa nakala, Jumapili moja baada ya nyingine kurudi nyuma. Hiza aliandika kwenye karatasi ya manila. Kazi ya kuchosha, lakini hapo ndipo Hiza alipokuwa mzuri, na tusimnyime sifa yake.

Jumapili ya sita nyuma simu zote ziliiona picha zikasema: ndigana kali, tafuta daktari leo. Jumapili ya tano kumi zilisema hivyo hivyo. Moja ilisema: minyoo, mpe dawa, subiri. Jumapili ya nne zikawa tano. Ya tatu, zote.

"Hiyo iliyotangulia ni namba ngapi?" Hiza akauliza, ingawa jibu alikuwa ameliandika mwenyewe.

"Saba."

"Saba ni ya Mbwana." Akapiga kofi mezani. "Si nilisema!"

"Subiri kwanza." Neema alikuwa anashusha kidole kwenye kioo. "Namba saba imejibiwa na mwenyewe mara ngapi tangu apewe? Sifuri. Huyu mzee anaitumia kutazama tu, hajawahi kuiambia kitu. Sasa isiyoambiwa kitu imejifunza wapi?"

"Kwa wenzake."

"Wenzake wa Misima wakati huo walikuwa bado wazima. Na wenyewe pia hawajibu. Tazama: mbili, sifuri, moja, sifuri." Akageuza simu. "Hii hapa. Jumanne tatu mfululizo, Korogwe, kila mara zaidi ya nusu saa, namba saba imekaa na namba kumi na mbili. Na kumi na mbili ilikuja na majibu thelathini na moja, yote ya aina moja: matezi yamevimba, dawa ya minyoo, amepona. Thelathini na moja, afande! Saba ikayabeba mpaka joshoni, mbele ya watu waliokaa kimya. Nani asingeiamini?"

"Kumi na mbili ni ya nani?"

"Jina liko kwenye daftari, ofisini Korogwe, kabatini. Tuliwaahidi wafugaji simu haitamtaja mtu, kwa hiyo humu ndani kuna namba tu. Hiyo moja haikuletwa kwako. Mwenyewe hajaitika wito."

Hiza akaitazama ile manila. Ijumaa alikuwa na mtu mmoja na kosa moja. Sasa alikuwa na mtu aliyebeba mzigo asiojua ndani mna nini. Aliyeeneza siye aliyetunga, hilo hata watoto wa Kwashemshi wanalijua.

Ilikuwa saa nne, na Jumapili saa nne Hiza humpigia mama yake. Alitoka nje akapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Ndama hajambo?"

"Hajambo, ananyonya mpaka povu linamtoka," Bi Mwatumu akasema, na akaanza kuuliza habari za mvua ya Handeni. Hiza alimkatiza kwa adabu. Kazi ilikuwa nyingi.

Mbwana aliletwa akiwa bado na kanzu ile ile ya Ijumaa, sasa imeshika vumbi magotini. Hiza hakumsalimia. Hakuwa amemsalimia tangu siku ya kwanza. Alimwita "wewe", kama watuhumiwa wote.

"Wewe, Jumanne huwa unakwenda Korogwe?"

"Kila baada ya wiki. Mwezi ule dawa ya josho ilipokwisha nilikwenda mfululizo. Zamani ilikuwa inaletwa na serikali mpaka joshoni. Siku hizi soko huria, ukiitaka unaifuata mwenyewe dukani, na kila duka na bei yake na uongo wake."

"Ukishanunua unakaa wapi?"

"Pale wanapopokelea maziwa. Wana chai nzuri."

"Unakaa na nani?"

Mbwana akainua macho. Alimtazama Hiza kwa muda, uso wote, kama anayetafuta kitu alichokiona mahali pengine. Kisha akayateremsha macho kwenye pingu zake.

"Na watu," akasema.

"Watu gani? Mmoja wao ana simu ya mradi. Namba kumi na mbili. Unamjua?"

"Namba siijui."

"Mtu je?"

"Afande, mtu sitamtaja."

"Unajua kesho unakwenda mahakamani?"

"Najua."

"Na ukimtaja unaweza kutoka leo?"

"Nimekusikia. Sitamtaja. Mlivyonifanya mimi, mtamfanya na mwingine."

Askari mmoja akacheka. Hiza hakucheka. Mtu mwenye hatia hutaja jina haraka, la yeyote, hata la shemeji yake. Miaka kumi na minne ya kazi ilikuwa inamwambia hivyo, na hakupenda ilichokuwa inamwambia.

"Mrudisheni," akasema.

Waliondoka kwenda Korogwe kwa gari la mradi, Neema anaendesha. Misima walisimama kwa sababu Parsimei alikuwa amekaa barabarani na wazee wenzake, na Hiza alikuwa na swali moja. Parsimei ndiye aliyepoteza ndama wengi kuliko wote. Alisimama, mrefu, shuka begani, akaegemea fimbo.

"Kesho tunakuja wote," akasema kabla ya salamu kwisha. "Tunataka kumwona huyo Mbwana akisomewa mashtaka."

"Mzee, simu ilipokuuliza wangapi wamepona, wangapi wamekufa, mbona hukuijibu?"

Parsimei akamtazama Hiza kana kwamba ameulizwa jambo la chumbani. "Ng'ombe wangu niwahesabu kwa mdomo? Kwa kitu ambacho wenyewe mmesema kinaongea na vitu vingine? Hata mke wangu simtajii hesabu."

"Hata waliokufa?"

"Hao ndio kabisa. Nitangaze kwamba zizi langu linakwisha? Nikasema nyamaza, Parsimei. Na wenzangu wote wakanyamaza."

Neema aliuma mdomo, akaondoa gari. Baada ya kilomita mbili akasema, "Mwaka mzima tulikuwa tunajiuliza kwa nini hawajibu. Hakuna aliyekwenda kuwauliza. Tulikaa ofisini tukaandika kwamba hawana mwamko." Alisema hivyo bila kumtazama Hiza.

Korogwe ofisi ilikuwa imefungwa, Neema akaifungua. Daftari lilikuwa jembamba, la kawaida, la shule. Akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho.

"Namba kumi na mbili. Kikundi cha kina mama wa maziwa. Mwatumu Semboja, Kwashemshi."

Hiza aliomba asome mwenyewe. Akasoma. Akasoma tena, kwa sababu Kwashemshi si kubwa lakini si nyumba moja, na mtu anaweza kutumaini. Ubavuni palikuwa na alama ya dole gumba, na chini yake mtu wa mradi alikuwa ameandika: *mjane, ng'ombe mmoja, amepewa na mwanawe*.

"Unamfahamu?" Neema akauliza.

"Ni mama yangu."

Neema akafunga daftari taratibu. "Afande, anaweza kwenda mwingine."

"Atakwenda nani? Tuliyemfunga anamsubiri nani?" Akaingia garini.

Njia ya Kwashemshi inapanda, na anayepanda anaonekana kutoka juu muda mrefu kabla hajafika. Walipokata kona ya mwisho, Hiza alimwona Bi Mashavu, jirani wa mama yake, anavuta ndama mwekundu kwa kamba, mbio mbio, anapita pembeni ya migomba kuelekea kwenye banda la mama. Bi Mashavu ana miaka sitini. Hiza hakuwahi kumwona akikimbia.

Bi Mwatumu aliwapokea uani, kanga mbili safi, meno nje. Hiza akamwamkia, wakasalimiana kwa Kisambaa, salamu ndefu yenye kila mtu ndani yake. Neema akaletewa kigoda.

"Ndama yuko wapi mama?"

"Si huyo? Mwone alivyonenepa."

Ndama mwekundu alikuwa amefungwa bandani. Pembeni, ng'ombe wa mama, yule aliyenunuliwa na Hiza kwa mkopo wa kazini, alikuwa anatafuna majani amempa mgongo. Ndama akalia. Ng'ombe hakugeuza hata sikio. Ila kutoka upande wa pili wa migomba, kwenye banda la Bi Mashavu, ng'ombe mwingine aliitika, kwa nguvu, mara mbili.

Ndama akalia tena, na mama yake akamwitikia tena kule kwa jirani.

"Mama," Hiza akasema, "nipe ile simu ya mradi."

Meno yakarudi ndani. Bi Mwatumu aliingia ndani, akatoka na simu imefungwa kwenye leso, imesafishwa, kama mtu atoavyo cheti cha ndoa. Neema aliifungua, akaizima masikio, akaanza kupitisha picha. Ya kwanza: ndama mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, matezi yamevimba. Zilizofuata, thelathini na moja, ndama mwekundu asiye na doa, mzima, mnene. Neema aligeuza kioo, akamwonyesha Hiza bila neno.

"Alikufa lini mama?"

"Siku ya nne." Alikuwa anatazama miguu yake. "Simu ilisema ndigana, tafuta daktari leo. Daktari nampata wapi? Hana ofisi tena huku, mpaka umpigie, umlipie na mafuta ya pikipiki. Mimi nikampa dawa ya minyoo iliyokuwepo. Akafa. Mashavu akanisaidia kumzika."

"Ikakuuliza amepona?"

"Ikauliza. Nikasema amepona."

"Mara thelathini na moja?"

"Ilikuwa inauliza kila siku! Mtu akikuuliza hali, humjibu? Inataka na picha, basi nakwenda kwa Mashavu nampiga wa kwake."

"Wenzako hawakujibu, mama."

"Wenzangu hawana mtoto polisi."

Hiza hakuelewa. Alielewa Neema, ambaye aliinama akaanza kufuta vumbi lisilokuwepo kwenye kiatu chake.

"Kwenye semina mlituambia wenyewe," Bi Mwatumu akamwambia Neema, kwa ukali kidogo, maana mtu aliyebanwa hutafuta pa kuegemea. "Mlisema hizi simu zinaambizana. Moja ikijua, zote zinajua. Mkasema na majina hazitaji, lakini nani ataamini hilo? Nikajisemea, lo, simu ya serikali, na Hiza ni serikali. Nikiiambia ndama amekufa, jioni Hiza anajua. Basi nikaiambia kile nilichotaka ajue."

"Ungeniambia tu, mama. Kwenye simu ya kawaida."

"Nikuambie wewe?"

Alilisema taratibu, na Hiza akakumbuka. Hakutaka kukumbuka, lakini akakumbuka. Miaka miwili nyuma ng'ombe wa kwanza alikufa, na yeye alipanda mlima huu huu akiwa na sare, akawakuta kina mama wa kikundi wamekaa hapa hapa uani, akamtolea mama yake uvivu mbele yao wote. Mtu mzima mzima unashindwa ng'ombe mmoja, na majani yako mlangoni! Ningempa mlevi wa kilabuni angemtunza vizuri zaidi. Wengine walicheka. Mama yake pia alicheka, akaenda kuwachemshia chai. Hiza alishuka mlima akijiona mtu wa maana.

"Haikuwa inakuja kwangu, mama," akasema.

"Ilikuwa inakwenda wapi?"

Akamwambia. Hakupunguza kitu, kupunguza kungekuwa uongo mwingine. Alimweleza josho, Misima, watu walioambiwa wasubiri wakasubiri.

"Ndama wa watu wangapi?" Bi Mwatumu akauliza.

"Kumi na tisa."

"Kumi na tisa." Akakaa chini, pale pale, kwenye udongo, na kanga zake safi. "Yarabi. Na wewe umemfunga nani?"

"Mzee mmoja anaitwa Mbwana. Wa josho."

Bi Mwatumu alijifunika uso kwa kanga. Alilia bila sauti, mabega tu, na Hiza akasimama mbele yake na sare yake hajui mikono aiweke wapi. Aliona aibu kiasi cha kutamani mtu amtukane. Hakuna aliyemtukana. Ndama wa Bi Mashavu alikuwa bado analia.

"Nifunge basi mimi," mama yake akasema ndani ya kanga. "Ngoja nivae viatu."

"Hakuna sheria ya kumfunga mtu aliyeidanganya simu yake, mama."

Maelezo ya mama yake asingeweza kuyaandika yeye. Sheria inakataa, na adabu pia. Aliandika Neema, Bi Mashavu akashuhudia, Bi Mwatumu akaweka dole gumba. Hiza alikaa nje na akampigia mkuu wake wa kituo, akamwambia yote, pamoja na jina. Mkuu akasema kesi imekufa, mtoe huyo mzee leo.

Walifika Handeni jua linazama. Hiza aliwaondoa wale askari wawili, akaenda mahabusu peke yake, akafungua mlango.

"Shikamoo mzee."

Mbwana alikuwa amemaliza kuswali, bado amekaa kwenye kipande cha boksi. Akamtazama.

"Marahaba. Bibi hajambo?"

"Bibi yupi?"

"Mama yako."

Hiza akashika fremu ya mlango. "Ulikuwa unajua."

"Kwamba jambo hili limetoka kwake nimejua leo asubuhi, uliponiuliza habari za Korogwe. Kabla ya hapo nilijua tu kwamba ni mama yako. Ndama wake alipokufa alinililia pale kwenye maziwa, kwa kuwa mimi ni mtu wa josho. Akasema mwanangu asijue, nikamwambia haya, kwangu hayatoki. Picha yako anatembea nayo, akaninyooshea, mwanangu huyu, mkubwa wa polisi. Ijumaa uliponivisha pingu nilijua mwana wa nani ananivisha."

"Ungesema asubuhi, mzee, ungetoka asubuhi."

"Ningesema mbele ya askari wako? Wangekucheka mpaka ustaafu. Na bibi angeletwa huku nyuma ya gari la polisi, watu wa Kwashemshi wote wanatazama. Ina faida gani hiyo?"

Hiza alitafuta neno. Lililokuja lilikuwa la kazi. "Uko huru. Gari liko nje, nitakupeleka nyumbani mwenyewe."

"Sitoki."

"Mzee?"

"Ulikuja kwangu saa nane mchana," Mbwana akasema, bila hasira, kama anayemweleza mtu njia. "Wakwe wamekaa mkekani, sinia za posa ya binti yangu ziko chini, hazijafunuliwa. Ukanivisha pingu na kanzu yangu. Wale watu walibeba sinia zao wakaondoka, na binti yangu anatazama. Sasa magharibi hii unitoe, nipenye kama mwizi wa kuku? Hapana. Nitalala. Kesho saa nane mchana unipeleke wewe, kwanza kwa Parsimei na wenzake, halafu kwa hao wakwe, mpaka ndani, uwaambie."

"Nitawaambia," Hiza akasema. "Nitawaambia kila kitu, kwamba mama yangu ndiye..."

"Bibi mwache. Mtu mzima aliogopa, akadanganya. Wewe hukudanganywa na mtu. Wewe ulikuja tu, bila kuuliza. Sema lako, linatosha."

Hiza akakaa chini sakafuni, ndani ya mahabusu, mlango wazi nyuma yake. Mbwana akamsogezea kipande cha boksi.

"Hebu liseme nisikie," akasema. "Kesho usije ukanibabaikia mbele ya watu."

"Mimi, Inspekta Hiza..."

"Inspekta mwache nje. Anza tena."

"Mimi Hiza," akasema, na zaidi ya hapo hakuweza.